Kasha la Filamu na Kisiwa cha Mafia: Upelelezi wa Mwaka 1915

Filamu za James Bond zilipotimiza miaka hamsini, mwaka 2012, wenye milki yake walitoa kasha moja lenye filamu 22 katika diski za kutazamwa nyumbani. Ndani ya kasha hilo paliachwa nafasi tupu ya kutilia filamu ya 23, Skyfall, ambayo ilikuwa haijatoka bado. Kasha hilo halikuwa la kwanza. Mwaka 2006 filamu 20 zilikuwa zimekwisha kutolewa katika mafungu manne, kila fungu filamu tano. Wala hazikupangwa kwa kufuata miaka yake. Waigizaji mbalimbali walichanganywa katika fungu moja, hata mtu aliyependa mmoja tu wao ikambidi kuyanunua mafungu yote.

Mtu ayatazamaye makasha hayo huweza kudhani kuwa ameishika historia nzima mkononi. Lakini kasha hufungwa na mwenye mali, si na mwanahistoria. Filamu ya Never Say Never Again, iliyotoka mwaka 1983, haimo katika kasha la mwaka 2012, ijapokuwa aliyeigiza humo ni Sean Connery, yule yule aliyeanza kazi hiyo mwaka 1962 katika Dr. No. Iliachwa kwa kuwa ilitengenezwa na watu wengine. Ikiwa Bond mwenyewe aweza kuachwa nje kwa sababu ya milki, si ajabu kwamba nje ya kasha ipo pia filamu nyingine, ya watu wale wale, inayoihusu pwani ya Tanzania kuliko zote zilizomo ndani.

Filamu hiyo ni Shout at the Devil, ya mwaka 1976. Si filamu ya Bond, wala haikudai kuwa hivyo. Hata hivyo mmoja wa waigizaji wake wakuu ni Roger Moore, ambaye wakati ule alikuwa amekwisha kuwa Bond mara mbili. Na mwongozaji wake ni Peter Hunt, aliyeiongoza filamu ya Bond ya mwaka 1969. Kisa chake kilitokana na riwaya ya Wilbur Smith, nacho chaeleza habari za manowari ya Kijerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mto Rufiji wenyewe haukuonekana. Picha zilipigwa Afrika Kusini, iliyokuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, na nyingine Malta. Manowari ikapewa jina la Blücher. Ile ya kweli iliitwa Königsberg.

Yafaa basi kukumbuka yaliyotokea kwa kweli. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, ikaizamisha. Baadaye ikaingia katika milango ya Rufiji, ikajificha nyuma ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, maana maji ya milango ile ni haba. Kisiwa cha Mafia kiko mkabala wa delta hiyo; kwa hiyo mwezi wa Januari 1915 Waingereza walikitwaa kutoka kwa Wajerumani, wakakifanya kituo chao. Kutoka kisiwani ndege zilirushwa kwenda kuichungulia meli iliyofichwa. Mwezi wa Juni ziliwasili manowari mbili, Severn na Mersey, zenye mizinga mizito lakini zisizohitaji kina kirefu cha maji.

Shambulio la kwanza, la tarehe 6 Julai, halikufaulu. La pili, la tarehe 11 Julai, ndilo lililomaliza kazi. Wapiga mizinga hawakuweza kuiona shabaha yao kwa sababu ya mikoko. Aliyeiona ni mtu aliyekuwa juu: ndege ilizunguka, mtazamaji akaangalia kila kombora lilipoanguka, kisha akapeleka habari kwa simu ya upepo ili mizinga isahihishwe. Ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa ikaanguka mtoni. Wote wawili waliokoka, na kazi yao ilikuwa imekwisha kutimia. Königsberg iliharibika vibaya, na nahodha wake, Looff, akaamuru iangamizwe. Mizinga yake iliopolewa ikatumiwa na Wajerumani katika vita vya nchi kavu. Mmoja wao umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Katika filamu, meli yaangamizwa kwa bomu lililofichwa ndani yake na shujaa mmoja. Tofauti hii si ndogo. Kiswahili kina maneno jasusi na mpelelezi. La kwanza limetoka katika Kiarabu, na asili yake yahusu kugusa na kupapasa ili kujua. La pili latokana na kupeleleza, yaani kuchunguza kwa uangalifu na kwa siri. Sinema imeyavisha maneno hayo bastola na gari la mbio. Hata Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za A. E. Musiba zilizoanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, ni ndugu wa shujaa wa namna hiyo, ingawa bwana wake ni Tanzania na adui zake ni adui za Afrika. Lakini upelelezi uliotoka Mafia mwaka 1915 ulikuwa wa maana ya asili: jicho, subira, na habari iliyopelekwa kwa wakati.

Tena, watazamaji wengi wa Tanzania Bara hawakuzijua filamu za kigeni kwa makasha. Televisheni ilianza huko mwaka 1994. Kanda za video zilitangulia, zikatazamwa na wengi pamoja vibandani. Humo ndimo walimopata sifa wasimulizi kama Derek Gaspar Mukandala, aitwaye Lufufu, waliozieleza filamu kwa Kiswahili huku zikiendelea. Masimulizi yao nayo hayamo katika kasha lo lote.

Hapana shaka filamu za kasha la mwaka 2012 zitadumu, maana wenye mali wanazitunza. Habari za Mafia hazina mlinzi wa namna hiyo. Vitabu vya vita vyataja manahodha, marubani na majina ya meli. Watu wa kisiwa waliozitazama ndege hizo zikiruka juu ya minazi yao hawatajwi kwa majina. Mashahidi wa mwaka 1915 wamekwisha kufa, na kilichobaki ni kile walichowasimulia watoto na wajukuu wao. Hicho, pamoja na kanda za wasimulizi wa vibandani, chastahili kukusanywa na kuandikwa kwa Kiswahili kabla nacho hakijapotea.