Dawa za Moyo (4): Vidonge vilivyokausha machozi

Akina mama wa Nyansurura, na ninyi mnaosoma kutoka Mugumu na Tarime, mmeniuliza sana kuhusu vidonge vya bibi: propranololi, atenololi, karvedilo. Hizo zinaitwa beta bloka, zinapunguza kasi ya moyo. Leo nianze na historia, maana madhara mengine yalijulikana watu wakiwa wameshaumia.

Propranololi ilitengenezwa na Mskoti James Black katika kampuni ya ICI, ikaanza kutumika miaka ya 1960. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel, na alistahili kabisa. Shida yake ilikuwa moja: iliwabana kifua wenye pumu. Basi mwaka 1970 ICI ikatoa nyingine huko Uingereza, praktololi, ikasifiwa kwamba haisumbui mapafu.

Malalamiko yakaanza taratibu. Huyu ngozi inatoka magamba, kaenda kwa daktari wa ngozi. Yule macho makavu, yanakwaruza kama yana mchanga, kaenda kwa daktari wa macho. Mwingine tumbo linabana, utando wa ndani umekuwa mnene. Kila mmoja akatibiwa kipande chake. Na jamani, mzee akisema macho yamekauka, nani anashtuka? Tunasema ni umri.

Mpaka 1974 ndipo madaktari wa ngozi wakaandika kwamba vipele vile vinatokana na praktololi. 1975 Peter Wright, daktari wa macho wa London, akaeleza habari ya macho. Mwaka huohuo vidonge vikaondolewa. Wengine walikuwa wameshapofuka. Majaribio ya wanyama hayakuwa yameonyesha dalili hizo. Zilionekana kwa sababu kuna mtu aliuliza mgonjwa anakunywa dawa gani.

Praktololi haipo tena, msiogope. Hizi tulizonazo zina madhara yake: kuchoka, mikono na miguu ya baridi, ndoto mbaya, kizunguzungu ukisimama. Mara nyingi hupungua, lakini tuambie. Usisubiri kliniki ijayo kama kifua kinabana na kupiga filimbi, amezimia, au mapigo yako chini ya 50 kwa dakika na anajisikia vibaya. Njoo leo, panda hata boda boda.

Mwenye kisukari awe makini zaidi: sukari ikishuka, moyo hautamwenda mbio wala hatatetemeka kama zamani, ila jasho litamtoka. Na mama unayenyonyesha, sema unanyonyesha, hasa ukipewa atenololi, maana inaingia kwenye maziwa. Mtoto akilala kupita kiasi na kunyonya kidogo, mlete.

Ila usiache vidonge ghafla kwa sababu ya post hii! Moyo unaweza kurudi kwa kishindo, hata shambulio la moyo likatokea. Dozi hupunguzwa pole pole, na daktari.

Ukija, beba vidonge vyote kwenye mfuko, hata vya duka na vya jirani. Tukiona ni dawa, tunajaza fomu ya njano ya TMDA. Mnaweza kutuuliza: "Nesi, umejaza ile fomu?" Hatutakasirika.

Sehemu ya tano: vidonge vya kukojoza maji.