Chuma cha Shimoni (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA...
Ijumaa mchana, Februari 26, 1993, mlipuko mkubwa ulipasua maegesho ya magari yaliyo chini ya ardhi katika World Trade Center, New York. Watu 6 walipoteza maisha na zaidi ya 1,000 wakajeruhiwa. Mwanzoni wengi walidhani ni transfoma iliyolipuka.

SASA ENDELEA...
Jumapili, Februari 28. Wataalamu wa mabomu wa polisi wa New York, pamoja na wenzao wa ATF, idara ya serikali kuu inayoshughulikia silaha na milipuko, waliteremka shimoni. Bomu lilikuwa limekula sakafu kadhaa za zege. Juu ya vichwa vyao mabonge ya zege yalining'inia kwenye nondo. Miguuni, maji ya mabomba yaliyopasuka yalichanganyika na maji taka.

Kazi hii haitaki papara. Mpelelezi wa milipuko huanzia penye uharibifu mdogo, akasogea taratibu hadi kitovuni. Hutazama vyuma vimepinda kuelekea wapi, huokota vipande, huchukua masizi yakapimwe maabara. Bomu hurarua, lakini halimalizi ushahidi wote.

Askari mmoja akainama. Mbele yake kulikuwa na kipande cha chasisi kilichojikunja, kimechanika na kujaa vitobo. Magari ya jirani yalibondwa kwa nje. Hili lilipasuliwa kutoka ndani. Kumbe bomu lilipakiwa humu humu!

Wakakibeba kwa machela hadi juu, kikapelekwa maabara. Chini ya masizi ikaonekana namba. Kiwanda hugonga namba ya utambulisho sehemu zaidi ya moja ya gari, na hakuna magari mawili yenye namba moja. Kumbukumbu zikapekuliwa, jibu likarudi: Ford Econoline ya njano, mali ya kampuni ya Ryder, iliyokodishwa Jersey City, ng'ambo ya Mto Hudson.

Aliyeikodi alikuwa ameripoti polisi kwamba imeibwa. Aliripoti lini? Siku moja kabla ya mlipuko!

Makachero wa FBI wakafika kwa wakala aliyekodisha gari hilo. Wakiwa katikati ya mahojiano, simu ikaita. Aliyepiga ni yule yule mteja. Alikuwa anadai arudishiwe amana yake, dola 400.

Je, atakuja kuzichukua, au atashtuka na kutoroka? Usikose sehemu ya tatu Jumamosi ijayo.