Asset kwa Kiswahili: kwa nini nasema kijenzi

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya kitaifa namba 3, ukaupita msitu wa Kahuzi-Biega na kushuka Bunyakiri, unafika daraja la Hombo. Upande mmoja ni Hombo Kusini, ya wilaya ya Kalehe. Upande wa pili ni Hombo Kaskazini, na hapo umeshaingia Walikale, katika jimbo la Kivu Kaskazini. Lugha za nyumbani ni nyingi huku, Kitembo, Kinyanga, Kirega, na zikikutana sokoni Kiswahili ndicho kinachozipatanisha.

Mahali kama hapa neno asset haliji kwa kamusi. Linakuja kwa simu, ndani ya video inayofundisha uchoraji wa michezo ya kompyuta: tengeneza asset yako ya kwanza, iweke kwenye duka la mtandaoni, itangaze. Kijana mwenye mkono mwepesi wa kuchora huelewa vitenzi vyote, akakwama kwenye jina. Na asiyejua jina la anachokiuza atakiuza vibaya, hata kama amekichora vizuri.

Kwa watengenezaji wa michezo, asset ni kila kitu kinachotiwa ndani ya mchezo kikiwa kimetengenezwa kando ya msimbo wa programu: mchoro wa mti, umbo la nyumba, mlio wa mlango, mwendo wa mtu anayekimbia. Mtengenezaji mmoja hawezi yote. Anayejua kuandika msimbo mara nyingi hajui kuchora, kwa hiyo hununua. Ndipo yakazuka maduka: Unity walifungua lao mwaka 2010, itch.io ikaanza 2013, na Epic wakaunganisha masoko yao katika duka moja liitwalo Fab mwaka 2024.

Neno lenyewe lilizaliwa mahakamani. Wanasheria wa Uingereza ya kale waliandika kwa Kifaransa chao, na msomaji wa Kongo atalitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa assez: vya kutosha. Lilihusu mali ya marehemu inayotosha kulipa madeni yake na kutimiza wasia. Kwa kuwa liliishia na sauti ya s, Waingereza wakalidhania kuwa wingi, na baadaye wakaing'oa ile s ili wapate umoja. Kutoka kwa marehemu likahamia kwa wahasibu, na kutoka kwa wahasibu likafika kwa wachoraji.

Kamusi zetu hulifasiri kwa mali au rasilimali. Mhasibu anatosheka. Rasilimali tuliipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kichwa cha mali, yaani fedha ya kuanzia biashara, ambayo leo tunaiita mtaji. Ni neno zuri, lenye umri na heshima. Lakini katika Kivu limeshikwa na madini. Ukilitamka Walikale, msikilizaji anaiona Bisie ya zamani: kilima cha kasiteriti ndani ya msitu, wanaume wakitembea na magunia ya kilo 50 mgongoni hadi Njingala, kisha ndege ndogo zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo ili kuyapeleka Goma. Ukilitamka Masisi, anaiona koltani ya Rubaya. Katika picha zote hizo rasilimali ni kitu kinachong'olewa mara moja, kikaenda, na mwenye ardhi akabaki na shimo.

Kazi ya mchoraji haiko hivyo. Akiuza leo mchoro wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo, kwa mtu wa Poland, faili imebaki kwake. Kesho anauza ileile kwa mtu wa Brazil, na keshokutwa anaisahihisha gurudumu na kuwatumia wote wawili toleo jipya. Hakuna gunia lililotoka nyumbani. Kilichotoka ni ruhusa. Kijana aliyekulia kando ya barabara ya magunia, ukimwambia anauza rasilimali, atafikiri kwamba akiuza ameshaiachilia, na atakubali bei ya kuagana nayo. Hilo ndilo linalonifanya nilikatae neno hilo hapa.

Ninachopendekeza ni kijenzi. Mjenzi, ujenzi, kijenzi: kitu cha kujengea. Wingi wake ni vijenzi, na sarufi inalipokea bila taabu: vijenzi vya sauti, vijenzi vya picha, seti ya vijenzi. Kuna pingamizi moja la haki. Programu za kutengenezea michezo zina pia dhana ya component, sehemu ndogo inayobandikwa kwenye kitu ili kukipa tabia fulani, na wapo wanaoiita hiyo kijenzi. Kwa dhana hiyo ningewaomba wanaisimu watuazime kiambajengo, neno ambalo wamelizoea tangu zamani katika uchambuzi wa sentensi, kijenzi kibaki na kazi hii. Wapo pia watakaosema tuandike aseti basi, kama tulivyoandika kompyuta na programu. Kukopa si kosa. Ila aseti haimwambii mchoraji lolote, na kijenzi kinamwambia kwamba mnunuzi wake ni mjenzi, na kwamba kitu chake hakijakamilika mpaka kiingie katika jengo la mwingine.

Tazama jambo hili kwa karibu. Chora ukuta wa mbao, zile mbao nyeusi za nyumba za Goma na Masisi, ndani ya mraba wa pikseli 32 kwa 32. Hizo ni nukta 1,024 tu. Mraba wa namna hii Waingereza huuita tile, nasi tuna neno lake tayari, kigae. Kigae chako kikiwa peke yake kinapendeza. Sasa vipange kumi mfululizo. Pale ukingo wa kulia unapokutana na ukingo wa kushoto wa kinachofuata unajitokeza mstari, mbao zinakatika, na lile fundo jeusi la mti ulilolichora kwa uangalifu linajirudia kila hatua kama muhuri kwenye karatasi za ofisi. Mchoraji alitazama kimoja. Mjenzi atatazama kumi.

Dawa yake ni kusogeza mchoro pikseli 16 kulia na 16 chini, huku kilichotoka upande mmoja kikirudi kwa upande wa pili. Mshono uliokuwa umejificha pembeni sasa uko katikati, peupe, na unaupaka rangi mpaka upotee. Krita, programu ya bure, ina hali ya kuzungusha kingo inayokuonyesha kigae kikijirudia huku ukiendelea kuchora. Fundo la mti liondoe kwenye kigae cha kwanza, ulichore kwenye cha pili, na ufa kwenye cha tatu, ili mjenzi avichanganye apendavyo. Vigae 64 vya ukubwa huo vinakaa katika karatasi moja ya pikseli 256 kwa 256, na faili yake ya PNG haifiki hata mega moja. Kwa mtu anayenunua mega kwa hesabu, huo ni unafuu wa kweli.

Duka la mtandaoni halina meza ya kuita wapita njia. Mnunuzi hakusikii wala hakuoni, na anachokiona kwanza ni picha moja ndogo. Wengi huweka hapo vigae vyao vimepangwa kama vipande vya sabuni. Weka jengo. Tumia vigae vyako vyote ujenge kona ya mtaa: nyumba ya mbao, paa la bati lenye kutu, mgomba, chukudu imeegemezwa ukutani ikiwa na magunia ya makaa. Picha ya pili ndiyo ionyeshe vigae kimoja kimoja, na chini yake maelezo ambayo mjenzi anayatafuta kwa haraka: idadi, ukubwa wa pikseli, aina ya faili, na programu uliyovijaribia, mathalani Godot, ambayo nayo ni ya bure. Toa vigae vichache bila malipo avijaribu nyumbani kwake. Ikiwa sehemu yoyote ya kazi ilitengenezwa na akili mnemba, sema, kwa kuwa itch.io imewataka wauzaji wa vijenzi walitaje hilo tangu mwaka 2024.

Kuhusu cha kuchora, nina msimamo. Rafu za maduka hayo zimejaa ngome za Ulaya, mifupa inayotembea na panga za mashujaa. Kenney wa Uholanzi ametoa vijenzi kwa maelfu, bure kabisa, bila kudai haki yoyote juu yake. Kushindana na hayo kwa ngome nyingine ni kupoteza usiku wako. Ukitafuta chukudu huko, utaona ilivyo adimu. Volkano ya Nyiragongo ikiwaka usiku nyuma ya mapaa ya bati, gorila wa Kahuzi-Biega, lori la Walikale lililozama kwenye tope: haya wewe unayajua umbo na kivuli chake bila kutazama picha. Banyanga wa Walikale wana tendi ziitwazo karisi. Ule wa Mwindo, aliousimulia Rureke mwaka 1956 na ukachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, una shujaa anayebeba usinga wenye nguvu uitwao conga. Ningefurahi kuuona usinga huo ndani ya mchezo, umechorwa na mtu aliyewauliza wazee wake kwanza.

Wanunuzi wengi hutafuta kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kutafutia yaandike kwa Kiingereza. Lakini chukudu ibaki chukudu kwenye kichwa cha tangazo. Anayeifahamu ataipata, na asiyeifahamu atauliza.

Bei haina siri kubwa. Unity hukata asilimia 30, Fab asilimia 12, na itch.io humwachia muuzaji achague, ikipendekeza 10. Jihadhari na bei ya dola moja, kwa kuwa malipo ya kadi mara nyingi hukatwa pia kiasi kisichobadilika, karibu senti 30, na theluthi ya kazi yako imekwenda. Dola 4 kwa seti yenye vigae 64 si ujeuri. Kilicho kizito ni njia ya pesa kurudi nyumbani. Duka kama itch.io halilipi moja kwa moja kwenye M-Pesa wala Airtel Money, kwa hiyo kabla ya kuchora hata kigae kimoja, soma ukurasa wa malipo: pesa hupitia kampuni gani, kampuni hiyo inatuma Kongo au haitumi, na inadai vitambulisho gani.

Mwisho, ile ruhusa. Wengi huiita leseni, na kwetu leseni ni karatasi ya dereva au ya kufungulia duka, karatasi ambayo serikali inakupa wewe. Hapa mtoaji ni wewe. Naiita ruhusa ya matumizi. Usinakili maandishi marefu ya wengine usiyoyaelewa. Andika faili fupi, uiweke pamoja na vijenzi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ya Kiswahili ningeiandika hivi:

“Vijenzi hivi ni kazi yangu. Ukivilipia, unaruhusiwa kuvitumia katika mchezo wako wowote, wa kuuza au wa bure, na kuvibadilisha rangi na umbo. Huruhusiwi kuviuza wala kuvigawa vyenyewe, vikiwa nje ya mchezo. Mimi nimebaki mwenye vijenzi. Vimechorwa Hombo.”