Uso Usio na Nembo

Mwaka 1843 mwandishi wa Marekani, Nathaniel Hawthorne, alichapisha hadithi fupi iitwayo "The Birth-Mark". Mwanasayansi Aylmer amemwoa Georgiana, mwanamke mzuri mwenye alama nyekundu shavuni, mfano wa kiganja kidogo. Alama hiyo inamnyima Aylmer raha, kwani kwake ni ila, ushahidi kwamba mkewe ni kiumbe wa kufa kama wengine. Anamtengenezea dawa. Georgiana anainywa, alama inafifia, na mwenyewe anakata roho.

Katika karne hiyohiyo, watu wa kusini mwa Tanzania ya leo waliutazama uso kwa namna nyingine kabisa. Kuanzia Naipingo na vijiji vingine vya Wamwera huko Nachingwea na Ruangwa, hadi kwa Wamakua na Wamakonde upande wa Ruvuma, uso laini ndio uliokuwa bado na upungufu. Uzuri ulichanjwa, na chale hizo ziliitwa nembo. Fundi alichora kwa ncha ya chuma mistari na pembe juu ya paji la uso, mashavu, kifua au tumbo, kisha akasugua mkaa kwenye majeraha ili kovu libaki jeusi. Maumivu yalikuwa makali, na kuyavumilia kulikuwa sehemu ya heshima ya mtu.

Wanawake walivaa pia ndonya. Mdomo wa juu ulitobolewa msichana akiwa bado mdogo, tundu likapanuliwa kidogo kidogo kwa vijiti, hadi likapokea kisahani cha mti.

Husimuliwa mara nyingi kwamba ndonya ilibuniwa ili wanawake wachukize macho ya wafanyabiashara wa utumwa, ambao misafara yao kutoka Nyasa ilipita nchi hii kwenda Kilwa na Lindi. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayaridhishi. Mmisionari David Livingstone, alipokuwa upande wa mto Shire, aliuliza sababu ya pambo kama hilo. Chifu mmoja wa Wamang'anja alishangaa kuulizwa: wanaume wana ndevu, wanawake hawana, sasa mwanamke bila pambo lake angeonekanaje? Hilo ni jibu la mtu anayezungumzia urembo. Anayesema ndonya ilikuwa ngao tu anakubali, pengine bila kujua, kwamba ilikuwa sura mbaya.

Mwaka 1906 Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipanda bara kutoka Lindi akiwa na kamera za picha na za sinema na fonografu ya kunasia sauti. Vita vya Majimaji, ambavyo Wamwera walishiriki, vilikuwa vimepita juzi tu katika eneo hilo. Watu walioshindwa ndio waliosimamishwa mbele ya kamera, na kitabu chake cha 1908 kiliwapelekea Wajerumani nembo na ndonya zao kama maajabu.

Dharau ilikuja kwa njia nyingi. Misheni ya Waanglikana ilikuwa Masasi tangu 1876, na ingawa Askofu Vincent Lucas alilipa jando sura ya Kikristo, shule na kanisa vilileta kipimo kingine cha mtu nadhifu. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ukaleta Nachingwea vibarua wa makabila mengi, na kijana aliyetafuta kazi aliishi sasa kati ya watu wasioweza kuisoma nembo yake.

Kisha ikaja kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Hapo Nachingwea walifunzwa wapiganaji wa Msumbiji chini ya Samora Machel, wakiwemo wanawake walioanza mafunzo mwaka 1967. Chama kilitaka taifa moja, kikapinga jando, unyago na kila kilichomtenga Mmakonde na Mmakua. Lengo lilieleweka. Hata hivyo, mpiganaji aliyechanjwa utotoni hakuweza kuuvua uso wake kama nguo.

Nembo zilibaki pia kwenye mti. Wachongaji wa Kimakonde walibandika nta juu ya barakoa za ngoma, mstari kwa mstari, wakafuata chale za watu waliowajua, na za kike wakazitia ndonya. Weule alirudi Leipzig na baadhi ya barakoa za kusini. Anayetaka kujua nembo zilivyopendeza aanze na barakoa hizo kabla ya picha za Weule, kwa kuwa zilitengenezwa na watu ambao kwao uso huo ulikuwa umekamilika.