Sauti ya Marehemu Studioni

Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979 na sauti yake ingali ikisikika redioni. Hilo tumelizoea. Lakini kupiga santuri ya marehemu ni jambo moja. Kuichukua sauti yake na kuitengenezea magitaa mapya ni jambo jingine kabisa. Ndivyo walivyofanya wakongwe wa roki wa Uingereza, kundi la Queen, katika albamu ya Made in Heaven iliyotoka Novemba 1995. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alikuwa amefariki miaka minne kabla, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI.

Kazi ilianzia Montreux, Uswisi, mwaka 1991. Mercury, nguvu zikimwishia, aliwataka wenzake wamwandikie maneno, yoyote yale, aimbe. Muziki wataumalizia wenyewe akiwa hayupo. Akaimba juu ya mdundo wa ngoma za mashine. Katika wimbo wa Mother Love alifika karibu na mwisho, akasema amechoka, atarudi kuumalizia siku nyingine. Hakurudi tena studioni. Ubeti wa mwisho aliuimba Brian May, mpiga gitaa, na sauti inavyobadilika pale, hata asiyejua Kiingereza atashtuka.

Vipande hivyo havikutosha albamu nzima. Basi May, Roger Taylor na John Deacon wakapekua kanda za zamani. Nyimbo mbili walizitoa katika albamu ambayo Mercury aliitoa peke yake mwaka 1985. Wakabakiza sauti, ala wakapiga zao. Wapo wahakiki wa London walioiona kazi yote hiyo kuwa ni kukosa adabu kwa marehemu. Wanunuzi hawakuwasikiliza: albamu ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, ikauzwa kwa mamilioni duniani.

Mimi kwa Mother Love sioni kosa. Mwenye sauti ndiye aliyeagiza. Shaka yangu iko kwenye zile mbili za mwaka 1985, mathalani I Was Born to Love You. Ule Mercury alikwishaumaliza mwenyewe, kwa namna alivyoutaka. Nani alimwomba ruhusa ya kuufumua? Ingawa, nakiri, gitaa la May limeuchangamsha kuliko ule wa kwanza, na nikiupata redioni siuzimi.