Kielelezo Hai na Mipaka ya Mafunzo ya Uchoraji katika Royal Academy ya London, 1768–1936

Insha hii inachunguza jinsi nafasi ya kuchora kutoka kwa kielelezo hai, yaani mtu aliyekaa uchi mbele ya wachoraji, ilivyoamua hadhi ya msanii nchini Uingereza. Hoja yake ni kwamba kutengwa kwa wanawake na chumba cha kielelezo hai kulikuwa kuwanyima maarifa yaliyohesabiwa kuwa msingi wa sanaa.

Royal Academy ilianzishwa mwaka 1768. Mwanafunzi alianza kwa kuchora sanamu za plasta, kisha, alipoonekana kukomaa, akaruhusiwa kuingia katika chumba cha kielelezo hai. Mpangilio huo ulikuwa na sababu ya kiufundi. Sanamu ya plasta haibadiliki, ilhali mwili hai hupumua na kuchoka. Mtu anapoegemeza uzito kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega lake hushuka. Mchoraji aliyelizoea badiliko hilo kwa jicho na mkono ndiye aliyetarajiwa kumudu picha za kihistoria, tanzu iliyoheshimiwa kuliko zote.

Miongoni mwa waasisi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Hata hivyo, katika picha ya Johan Zoffany iliyokamilika mwaka 1772, wanachama wanaume wamekizunguka kielelezo hai, na wanawake hao wanaonekana ukutani tu, kama picha ndani ya picha. Zoffany aliutambua uanachama wao bila kuwaweka chumbani. Kauffman alichora picha za kihistoria, na wahakiki wakalaumu miili ya wanaume aliowachora kuwa laini mno. Lawama hiyo haiwezi kupimwa kwa haki bila kutaja mlango uliofungwa.

Mwaka 1860 Laura Herford alikubaliwa katika shule ya taasisi hiyo baada ya kuwasilisha mchoro uliobeba herufi ya kwanza tu ya jina lake. Wanawake wakaingia shuleni, lakini kwa zaidi ya miaka 30 walinyimwa nafasi ya kuchora kielelezo cha uchi. Mwaka 1893 ndipo waliporuhusiwa kumchora mwanamume, naye akiwa amefunikwa kiunoni.

Mwaka 1913 Laura Knight alijichora akiwa kazini, brashi mkononi, mbele ya mwanamke aliye uchi. Picha hiyo inaijibu ile ya Zoffany: mwanamke ametoka ukutani na kusimama mahali pa mchoraji. Mwaka 1936 Knight akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mwanachama kamili tangu enzi ya Kauffman na Moser.

Kwa hiyo, mtafiti anayekuta picha chache za kihistoria zilizochorwa na wanawake wa karne ya 18 na ya 19 hana budi kuchunguza kwanza kanuni za mafunzo. Uchache wa kazi si ushahidi wa uchache wa kipawa.