Verckys: Mpulizaji saksafoni aliyemiliki nyimbo zake

Ukipanda matatu kutoka Embu kuja Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, ni nadra ufike bila kusikia rumba ya zamani. Nimekuwa Meru kikazi kwa miaka kadhaa sasa, na katika safari hizo nimewasikia abiria wakibishana ni nani anayeimba. Franco hutajwa, Nyboma hutajwa. Saksafoni ikiingia, ubishi hukatika. Hakuna anayeuliza nani anapuliza.

Mmoja wa wapulizaji hao ni Verckys wa Kongo. Najua wapo miongoni mwetu wasioridhia ala za muziki, nami nawaheshimu. Leo nazungumzia historia, na haki ya mtu juu ya jasho lake.

Jina lake la kuzaliwa ni Georges Kiamuangana Mateta. Alizaliwa tarehe 19 Mei 1944 huko Kisantu, magharibi ya Kongo, wakati nchi ikitawaliwa na Wabelgiji. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na bila shaka kijana alijifunza hesabu mapema. Muziki aliuanzia katika bendi ya Kanisa la Kimbangu, kama vijana wengi wa huku Meru na Embu wanavyoanzia tarumbeta kanisani au shuleni. Alipitia filimbi na klarineti kabla ya kushika saksafoni. Alimhusudu Mmarekani King Curtis, na inasimuliwa kuwa jina hilo la Curtis alilisikia vibaya, akalitamka "Verckys". Likamganda maisha yake yote.

Mwaka 1963, akiwa na miaka 19 hivi, aliingia OK Jazz ya Franco. Hapo alimkuta Isaac Musekiwa, mpulizaji aliyetoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Rumba ya OK Jazz ilisimama juu ya gitaa, na kazi ya saksafoni ilikuwa kuitikia. Verckys hakuridhika na kuitikia tu. Alipuliza kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, kwa mtindo wa soul ya Marekani, na watu wakaanza kumjua kwa jina.

Mwaka 1968, Franco akiwa safarini, Verckys aliwachukua baadhi ya wenzake wakarekodi nyimbo zake bila idhini ya bosi. Franco alikasirika, na mambo hayakurudi kama zamani. Mwaka 1969 Verckys aliondoka akaunda bendi yake, Orchestre Vévé, na lebo yake, Editions Vévé. Tangu hapo santuri zikatoka kwa jina lake mwenyewe.

Kazi za miaka hiyo hazifanani. "Bankoko Baboyi" ni rumba ya kucheza taratibu. "Mfumbwa" inampa mpulizaji nafasi pana ya kujimwaga. "Cheka Sana" ina kichwa cha Kiswahili ingawa imetoka Kinshasa, mji wa Kilingala, na mdundo wake umeegemea funk. Inayotajwa zaidi ni "Nakomitunaka" ya mwaka 1972, maana yake "najiuliza". Humo anahoji kwa nini katika picha za dini watakatifu na malaika wote ni weupe, na shetani ndiye mweusi. Wakati huo Mobutu alikuwa ameshaigeuza nchi jina kuwa Zaire na kuhimiza watu warudi kwenye asili yao, lakini swali lile bado liliwaudhi wakuu wa kanisa.

Mwaka huohuo waimbaji wake watatu, Matadidi Mario, Loko Djeskain na Saak Sinatra, walimhama. Wakajiita Trio Madjesi, wakaanzisha bendi ya Sosoliso. Verckys hakufunga duka. Aliendelea na bendi yake, na akatoa ala na nafasi ya kurekodi kwa vijana wengine: Bella Bella ya ndugu wawili wa Soki, kisha Lipua Lipua na Kiam. Mpiga gitaa aliyeongoza Lipua Lipua aliitwa Vata Mombasa, na bendi hiyo ina wimbo uitwao "Mombasa". Sahani za bendi hizi zilitolewa pia Nairobi, ndiyo maana wazee wetu wanazijua.

Lakini tusimfanye malaika. Mwenye magitaa, mwenye spika na mwenye studio ndiye aliyebaki na kanda. Kijana aliyetaka kuwa na lake ilimbidi aondoke, kama Nyboma alivyoiacha Lipua Lipua akaunda Kamale. Yaani alichokikimbia Verckys kwa Franco, wengine walikikimbia kwake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alifungua ukumbi wa Vis-à-Vis mjini Kinshasa, na mwaka 1981 akaisimamisha Langa Langa Stars. Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani ilitoa mkusanyo wa nyimbo zake za 1969 hadi 1978. Wakati huo alikuwa hai, ameyaona matunda ya kazi yake. Alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kumsoma mtu huyu. Bango yetu, aliyoiasisi Mzee Joseph Ngala wa Mombasa, imejengwa juu ya saksafoni. Harusini tunaifurahia, tunairekodi kwa simu, tunaisambaza, na jina la mpulizaji halimo. Huku Meru na Embu ni vivyo hivyo: kijana anapuliza hotelini usiku kucha, analipwa nauli na chakula, na video inazunguka bila yeye.

Sheria ya Kenya inamtambua mtunzi, na inamtambua pia aliyepiga ala kwenye rekodi. Hakimiliki huanza pale kazi inaporekodiwa, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi ili uwe na ushahidi siku ya mzozo. Kwa hivyo kabla hujaingia studio, andikianeni: nani katunga, nani kapiga nini, nani anabaki na rekodi kamili, na mapato yatagawanywaje. Karatasi moja yenye sahihi inatosha kuanzia. Nasi wasikilizaji tukisambaza wimbo, tuandike na jina la aliyepuliza. Sisi tuliofundishwa kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka, tuanze angalau kwa kumtaja.